Mjoli Wangu

Belo Horizonte, Brazili
Jumapili, 12 Januari 2025
Asubuhi manyunyu, saa tatu yalikatika, jua likatoka.

Kwa mjoli wangu mpenzi, Shangazi Ghaliya,

Shikamoo. Khelef anakuamkia, na mimi nakuamkia mara mbili kwa kuwa niko mbali. Sisi wazima. Kampuni imetupa nyumba ndogo ghorofa ya sita, na mafunzo ya Khelef yataendelea mpaka mwezi wa sita. Jumana ananiambia kila Alkhamisi akitoka chuoni Nizwa huja kulala kwako Ibra. Ahsante. Najua mwanangu hali chakula vizuri akiwa peke yake.

Usicheke nilivyokuanza. Nilikuwa natafuta neno la kumwandikia mtu aliyenilea tangu nina miaka sita, nikalikumbuka la marehemu mama yako, Bibi Khole. Yeye na Bi Khamisa wa Sur walikuwa wakiitana hivyo. Bi Khamisa akija na kapu lake la papa mkavu, Bibi hufunga mlango wa chumba, na sisi nje tunasikia "mjoli wangu" na vicheko mpaka adhuhuri. Siku aliyofariki Bibi nilikuuliza maana yake, ukaniambia ni mtu umpendaye kuliko ndugu. Basi nimelichukua.

Jana tulikwenda kutembea mji wa Ouro Preto, mwendo wa saa mbili kwa basi. Maana yake Dhahabu Nyeusi. Wareno wale wale waliotolewa Maskati ndio walioujenga, kwa dhahabu iliyotoka chini ya vilima vyake. Njia zote ni mawe na mwinuko. Khelef alisimama mara nne, kila mara akisema anatazama mandhari. Nilihesabu makanisa kumi na moja kisha nikaacha. Ndani ya moja ukuta mzima ni dhahabu, unamulika kama duka la sonara. Nimekununulia bakuli la jiwe laini. Wafinyanzi wa Bahla wakiliona watanuna. Migodini hatukuingia kwa sababu ya mvua. Tutarudi.

La mwisho ndilo kubwa. Azzam na watu wake wanangoja jawabu la posa. Ajabu ya dunia, mjukuu wa Bi Khamisa yule yule ndiye anayemtaka Jumana. Khelef, ingawa ndiye baba, anasema hatatamka ndiyo bila ya idhini yako, kwa kuwa wewe ndiye mkubwa tuliyebaki naye. Umesema wangoje mpaka baada ya Idi. Mimi sina la kuongeza, nitafuata utakaloliona wewe.

Naifunga hapa. Nitalala saa nne na dakika kumi.

Mwanao,
Kaltham

*

Ibra
Jumatano, 5 Februari 2025

Mwanangu Kaltham,

Marahaba. Huku salama, alhamdulillahi. Baridi ya mwaka huu imeingia mifupani, lakini mitende imependa. Yazeed wangu kabadilisha gari tena. Hili jipya linamsemesha kwa Kiingereza naye analijibu, mimi mama yake hanijibu. Jumana alikuja wiki iliyopita, kala mkate wa kumimina vipande vitatu, basi hiyo njaa yake ya mapenzi isikukoseshe raha.

Hali ya hewa yako na saa zako za kulala nimezisoma. Hujaacha tangu uko skuli. Siku moja utaandika saa uliyokufa.

Barua yako ilifika Jumatano ya soko la wanawake, na nyumba imejaa. Rahila na wenziwe wametoka sokoni, wamekaa na kahawa zao, wakanambia, "Tusomee habari za Brazili." Nikasoma kwa sauti mstari wa kwanza. Wa pili sikuweza. Rahila, ambaye Unguja tulikuwa majirani ukuta kwa ukuta, aliweka kikombe chini.

"Kakuita nani?"

"Mwandani," nikasema. "Kaandika mwandani wangu."

"Aa," akasema. "Masikio yangu haya."

Masikio ya Rahila hayana ila yoyote. Nilikunja barua, nikasema miwani imeingia ukungu, na mpaka wanaondoka mikono yangu ilikuwa chini ya kanga.

Neno lile usiniandikie tena, wala usilitamke mbele ya mtu. Usiniulize kwa nini.

Kuhusu Azzam. Kijana ana adabu, sikatai, na kazi yake ya kuwaonesha wageni kasa pale Ras al Jinz ni ya halali. Lakini watu hawaozeshi adabu. Jina la kabila letu wanalichukua kwa sababu wazee wao walikuwa wa kwetu, na unajua nina maana gani. Ni watu wetu, Kaltham. Si wenzetu. Baada ya Idi nitawapelekea jawabu kwa maneno mazuri, na halua.

Bakuli lifunge kwa nguo lisivunjike.

Shangazi yako,
Ghaliya

*

Belo Horizonte
Jumapili, 2 Machi 2025
Asubuhi jua kali, hapana wingu. Mtaani ngoma za karnivali tangu saa mbili, sisi tumefunga.

Shangazi,

Shikamoo, na Ramadhani njema. Khelef mzima. Mimi mzima wa mwili.

Barua yako nimeipata Alkhamisi. Laiti ingelifika wiki moja kabla.

Jumamosi ya tarehe 22 tulirudi Ouro Preto, tukaingia mgodini. Aliyetutembeza ni mama wa makamo anaitwa Dona Zulmira, mweusi, mfupi, ana kicheko cha kifuani kama cha Bibi. Mgodi wenyewe uko nyuma ya nyumba ya watu, na mlango wake hauzidi mlango wa banda la kuku. Tulivaa kofia ngumu. Nilikwenda hatua arubaini na mbili nimeinama, maji yananidondokea shingoni. Unanijua nilivyo mfupi, na bado nilikwaruza kofia. Dona Zulmira akasema watumwa wa kazi hii walitafutwa wafupi, na wengi waliingizwa wangali watoto. Akatuonesha alama za mitaimbo ukutani. Nilitia kidole katika mojawapo kikaenea chote. Wengine walitoka Msumbiji, akasema, kisha akanitazama mimi: "Upande wenu."

Tulipotoka nje alitukalisha, akatuhadithia. Waliovuka bahari katika meli moja walikuwa wakiitana malungo. Ulikuwa udugu mkubwa kuliko wa damu. Huyu akifa, mwenziwe hulea watoto wake. Bibi yake yeye alikuwa akimwita hivyo jirani yake mpaka kufa, na wao watoto wakidhani ndilo jina la yule jirani.

Nikacheka. Nikasema, kwa Kiingereza changu cha skuli na nikijivuna kidogo, "Na sisi tunalo. Mjoli."

"Maana yake?"

"Mtu umpendaye kuliko ndugu."

Akafurahi sana. Akaniletea kitabu cha wageni, niandike neno na maana yake, jina langu na nchi. Nikaandika MJOLI, nikaweka nukta mbili. Nawe unajua siandiki kitu bila ya kuhakikisha. Nikafungua kamusi kwenye simu.

Mtumwa mwenziwe mtu, wote wa bwana mmoja.

Nilisoma mara tatu. Khelef akaniuliza, "Vipi, mtandao hakuna?" Nikamwambia upo. Dona Zulmira akauliza nimeshaandika. Nikasema siwezi kuandika. Alidhani Kiingereza ndicho kinachonipa tabu, akanipiga piga begani, akasema basi siku nyingine. Kitabu nimekiacha na neno, na nukta mbili, na nafasi tupu.

Ndani ya basi nilifungua kamusi mara ya nne. Nilikuwa nasikia vile vicheko nyuma ya mlango. Nilikuwa nakuona wewe mbele ya watu na barua yangu mkononi, ingawa nilikuwa bado sijapata barua yako.

Bibi alikuwa nani, Shangazi? Pasipoti yake imeandika binti wa sheikh, nami nimekua nikiisikia nasaba hiyo kila harusi. Kama Bi Khamisa alikuwa mjoli wake, basi walikuwa sawa. Hilo ndilo neno lenyewe linalosema. Sasa Azzam kawa vipi si mwenzetu?

Na mimi nikuungamie. Ulipozuia jawabu nilifurahi. Nilikuwa nimeshasema "la" moyoni, nikataka litoke kwako, ili Jumana asinichukie mimi.

Tangu siku ile nalala saa tisa za usiku. Jana saa tisa na robo.

Kaltham

*

Ibra
Jumatano, 26 Machi 2025
mwezi ishirini na sita Ramadhani

Kaltham,

Marahaba. Sote tumefunga salama. Yazeed ameleta mbuzi wa Idi, kamfunga karibu na dirisha langu, sijui kwa ubaya gani nilomtendea.

Kamusi haikukaa katika nyumba yetu. Nasaba ya mtoto hufuata baba. Baba yangu, ambaye ni babu yako, alikuwa Mwarabu wa Ibra anayejulikana mpaka babu yake wa saba. Mama haongezi wala hapunguzi. Ndivyo ilivyo, na wenye elimu wote watakwambia hivyo. Azzam hana hilo kwa baba wala kwa mama. Khalas.

Na maneno ya siku ile ya mauti ni maneno ya mgonjwa. Mama alikuwa anaweweseka. Hakumwita mtu.

Tunza mfungo wako. Usiniandikie kabla ya Idi, nina wageni.

Ghaliya

*

Belo Horizonte
Jumapili, 20 Aprili 2025
Asubuhi baridi kidogo, ukungu mpaka saa mbili.

Shangazi,

Shikamoo. Idi ilikuwa njema, tuliswali katika ukumbi pamoja na Walebnani. Khelef anakusalimia. Hajui ninachokuandikia.

Nimezisoma nakala za barua zangu zote mbili. Hakuna pahala nilipoandika kwamba Bibi alimwita mtu. Ni wewe uliyeandika kwamba hakumwita.

Nilimwomba Jumana afungue kabati langu nyumbani kwetu Nizwa, atoe daftari la mwaka 1997, anipigie picha ukurasa mmoja. Naunakili kama ulivyo. Nilikuwa na miaka kumi na saba.

"Jumanne, 11 Novemba. Asubuhi upepo na vumbi. Bibi kasema mara tatu: Mwiteni mjoli wangu aje anisuke. Nimemwuliza Shangazi mjoli ni nini. Kasema ni mtu umpendaye kuliko ndugu. Nikasema basi tumwite. Kasema Bibi anaweweseka. Bibi kafariki saa kumi na dakika tano alasiri. Nimelala saa nane."

Jumana ameusoma. Nilidhani atauliza mengi. Alisema moja tu: "Mama, wewe huandika kila kitu, kisha huulizi."

Basi leo nauliza. Nasaba nimeiacha, nasaba mtajuana wenye elimu. Sur ni mwendo wa saa mbili na kitu. Bibi aliita tangu asubuhi. Kwa nini hakuitwa?

Sitaki jawabu la maneno mazuri, na halua.

Nimelala saa nane na nusu.

Kaltham

*

Ibra
Jumatano, 14 Mei 2025
Asubuhi joto, saa mbili tu na chuma cha mlango hakishikiki. Unaona, na mimi nimeanza.

Mwanangu Kaltham,

Marahaba, mwanangu. Barua yako ilikaa chini ya mto wa kitanda changu siku tano. Siku ya sita nilimwambia Yazeed, "Nipeleke Sur." Akasema joto. Nikamwambia gari lako linalosema Kiingereza halina baridi? Akanipeleka. Hiyo ilikuwa juzi.

Kwanza nikujibu, kwa kuwa umeuliza na mimi nimechoka.

Mama yangu Khole alizaliwa na fundi seremala Mnyasa. Mama yake alinunuliwa mdogo. Huyo na mama wa Khamisa walikuwa wa bwana mmoja, shamba moja la karafuu, wakiitana wajoli; utumwa ukatoka, neno likabaki, na binti zao wakalirithi kama watu warithivyo kanga. Tulipokuja huku, mwaka wa sabini na tatu, karani alimwuliza baba yangu jina la baba wa mkewe. Baba alilitaja jina la sheikh, yule bwana mwenyewe, bila ya kumeza mate. Mama alikuwa amekaa nyuma yetu. Nilimtazama. Alikuwa anazungusha pete. Khamisa hakuwa na mtu wa kumtajia sheikh. Hiyo ndiyo tofauti yote iliyoko baina ya Jumana na Azzam, Kaltham. Kalamu ya karani.

Na siku ile ya Novemba, wakwe zangu walikuwa wameshajaa uani. Nilijua Khamisa akija atamlilia mama kwa neno lile mbele yao, kwa sauti, kama kawaida yake. Nikakwambia wewe uongo mmoja mdogo ili unyamaze. Huo uongo ukavuka bahari mbili, ukarudi kwangu umeandikwa kwa wino wa buluu, nikausoma kwa mdomo wangu mwenyewe mbele ya Rahila.

Sasa sikia ya Sur.

Azzam ndiye aliyetufungulia. Alidhani nimeleta jawabu, uso ukamwisha damu, lakini akanibusu mkono, akanitilia viatu vyangu kivulini visiungue. Bi Khamisa yuko kwenye godoro karibu na mlango. Ana miaka tisini na zaidi, macho hayaoni ila mwanga.

"Nani?"

"Ghaliya, Bi."

"Ghaliya wepi? Maghaliya wengi."

Nilikuwa na majina tayari mdomoni, la baba na la babu na la kabila. Yote niliyaona marefu.

"Mtoto wa mjoli wako," nikasema.

Yazeed akanitazama kama nimepatwa na wazimu. Kisha Bi Khamisa akanyoosha mkono, akanipapasa uso, akafika kwenye nywele.

"Nani alimwosha?"

"Mimi na Rahila."

"Mlimsuka?"

"Tulimsuka. Misuko mitatu, kama inavyotakiwa."

"Alikuwa hapendi kusukwa na mtu ila mimi. Akisema nyinyi watoto mnavuta." Akaendelea kunipapasa nywele. "Tuliahidiana, atakayetangulia asukwe na mwenziwe. Nilisikia habari siku ya nne, sokoni, kwa muuza samaki. Kapu la papa nilikuwa nimeshalifunga."

Nilivua mtandio, nikakaa chini mbele yake, nikampa kichwa. Mwanamke wa miaka sabini na moja, Kaltham, nilikaa kama mtoto. Alinisuka misuko mitatu kwa vidole visivyoona. Alivuta kuliko mtu yeyote aliyewahi kunisuka. Nililia, na sikusema kuwa ni nywele zinauma.

Alipomaliza akasema, "Haya, sema ulilolijia. Hukuja Sur kwa ajili ya nywele."

Nikamwambia nimekuja kumwomba Azzam wake.

"Si mlisema mtatafakari?"

"Tumeshatafakari."

"Basi na sisi tutatafakari," akasema. "Huyo Jumana anajua kupika papa? Au ndiye yule anayekula mkate wa kumimina vipande vitatu?"

Nikamwuliza nani kamwambia. Azzam alikuwa mlangoni na sinia la kahawa, akageuka akarudi alikotoka. Kumbe hao wawili hawaachi kitu wasichoambiana.

Alituweka mpaka baada ya Laasiri. Tulikula, tulikunywa, alimhoji Yazeed bei ya gari na umri wa mkewe, na jawabu hatoi. Tunavaa viatu ndipo akasema, hata hakugeuza uso, "Haya. Waoane. Lakini siku ya harusi bibi arusi namsuka mimi."

Mwambie Khelef atamke ndiyo yake. Idhini yangu ndiyo hii, na naiandika kwa wino wangu. Rahila nimeshamwambia mwenyewe. Alisema alijua tangu Unguja, na kwamba siku ile ya barua aliogopa kuliko mimi, kwa sababu mama yake yeye pia alikuwa na mjoli wake. Tulitazamana wanawake wawili wazee, tumejuana miaka yote hii, kila mmoja kamficha mwenziwe kitu kile kile.

Kabla hamjarudi, nenda tena kwa yule mama wa mgodini. Mwombe kitabu. Nafasi uliyoiacha usiiache tupu, wala usiandike ya kamusi peke yake, wala uongo wangu peke yake. Andika yote mawili, moja juu ya jingine, kisha uandike jina la Bibi Khole na la Khamisa, bila ya baba zao.

Jana misuko sikuifungua. Nililala saa tatu kasorobo.

Mjoli wako,
Ghaliya